"Ulikuwa Unatafuta Nini?": Yanayompata mtu aliyefichua uovu kazini

Mtu akifukuzwa kazi kwa kuiba, mtaa huuliza kaiba kiasi gani. Akifukuzwa kwa kusema kuna wizi, swali hubadilika: alikuwa anatafuta nini? Swali hilo nililisikia kwa mara ya kwanza sebuleni kwa mama yangu mdogo, likiulizwa kwa sauti ya upole, yeye akiwa ameshika kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Aliyeuliza hakuwa adui yake. Alikuwa mume wake.

Mama mdogo alikuwa mtunza stoo katika taasisi moja ya umma. Siku moja lori lilishusha mifuko 180 ya saruji, na hati ya kupokelea mali ilikuwa tayari imeandikwa 300. Akaambiwa asaini tu, iliyobaki iko njiani. Hakusaini. Alimweleza mkuu wake, akaambiwa asubiri. Akasubiri majuma mawili, lori halikurudi, akaandika barua kwenda ngazi ya juu. Kilichofuata kilichukua miaka minne, na saruji yenyewe ni sehemu ndogo sana ya kisa hicho.

Kuhusu rushwa na ubadhirifu tumeandikiwa mengi. Kuhusu mtu aliyesema, habari huishia siku jina lake linapotoka gazetini au siku anapokabidhi funguo za ofisi. Yanayoendelea baada ya hapo, mwilini mwake, kichwani na nyumbani kwake, ndiyo nataka tuyafungue hapa, kwa sababu yanaeleweka vibaya hata na watu wanaompenda.

Mbea, mchongezi na mtoa taarifa

Lugha yetu ina maneno mengi ya kumdhalilisha anayesema na machache ya kumheshimu. Mbea, mchongezi, mnoko, msaliti, mtu wa kiherehere. Nairobi vijana watamwita snichi. Upande wa pili, sheria ya Tanzania imetupa "mtoa taarifa", na magazeti ya Kenya hutumia "mfichuzi". Ni maneno mazuri, ila bado hayajaingia midomoni mwa watu. Hakuna mtoto anayeambiwa na bibi yake kwamba babu yako alikuwa mtoa taarifa.

Tofauti iko hivi. Mbea hupeleka habari ya mtu kwa watu isiyowahusu. Mchongezi humwangusha mwenzake ili yeye apande machoni pa bosi. Mwenye malalamiko hudai haki yake mwenyewe: posho haijalipwa, likizo imekataliwa, cheo amepewa mwingine. Mtoa taarifa husema juu ya jambo linalowaumiza watu wengine, ambao mara nyingi hawajui hata kama wanaumizwa: mgonjwa anayepewa dawa iliyokwisha muda, abiria wa kivuko kilichojazwa kupita kiasi, mstaafu ambaye mfuko wake umechotwa.

Bahati mbaya, maishani mambo hayaji yametenganishwa hivyo. Mtu aliyenyimwa cheo anaweza pia kuwa ndiye aliyeona hati za kughushi. Hapo ndipo wakubwa hupata upenyo: "huyu ana kinyongo tu." Inawezekana anacho. Lakini mifuko ya saruji huhesabiwa mmoja mmoja, na hesabu haijali aliyehesabu alikuwa amekasirika au ametulia. Sheria nyingi za kulinda watoa taarifa zinaangalia kama mtu alikuwa na sababu za msingi za kuamini anachokisema na kama alisema kwa nia njema. Nia njema maana yake ni kutodanganya kwa makusudi. Haimlazimishi mtu awe malaika.

Ipo pia dhana kwamba mtu wa namna hii hupenda vita, kwamba akiona kosa hukimbilia waandishi wa habari. Wanaochunguza suala hili wamekuta kinyume chake tena na tena: wengi huanza ndani, kwa bosi wao, kwa mdomo, kwa adabu. Gradi Koko, mkaguzi wa ndani wa benki moja mjini Kinshasa, alianza kwa kuwaeleza wakuu wake kuhusu miamala aliyoitilia shaka. Vitisho vikafuata, akakimbilia Ulaya mwaka 2018. Septemba 2020 yeye na mwenzake Navy Malela, aliyefanya naye kazi katika benki ileile, walihukumiwa kifo na mahakama ya Kinshasa bila wao kuwepo, na hukumu hiyo ikajulikana hadharani Februari 2021.

Ninasisitiza jambo hili la kuanzia ndani kwa sababu ndilo linaloeleza ukubwa wa kidonda. Anayeenda kwa bosi kwanza ni mtu anayeiamini taasisi yake. Anadhani kuna kasoro, wakubwa hawajaiona, wakiionyeshwa watairekebisha. Angekuwa haiamini, angenyamaza na kutafuta kazi kwingine. Kwa hiyo siku anapogeuziwa kibao, kinachovunjika ni zaidi ya ajira. Ni ile imani kwamba dunia ina utaratibu, kwamba ukisema kweli mahali panapostahili kusemewa, utasikilizwa.

Kisasi chenye kumbukumbu namba

Siku hizi kisasi cha kazini ni nadra kuja na matusi. Huja kwa barua yenye nembo na kumbukumbu namba. Unatakiwa ujieleze kwa nini ulichelewa dakika kumi tarehe fulani mwezi uliopita, wakati ofisi nzima huchelewa. Unasimamishwa ili kupisha uchunguzi, na yule uliyemtaja anabaki ofisini mwake na funguo za kabati la mafaili. Unaambiwa utapangiwa majukumu mengine, na majukumu hayo hayaji. Mkataba wako wa mwaka mmoja mmoja, uliokuwa ukiongezwa bila maswali, safari hii unaambiwa bajeti haitoshi. Unahamishiwa kituo cha mbali bila fedha za uhamisho. Jina lako linakosekana kwenye orodha ya semina, na wanaojua mishahara yetu wanajua kwamba posho ya semina ndiyo ada ya shule.

Kila kimoja kati ya hivyo, ukikitazama peke yake, kina maelezo. Ndiyo maana vinaumiza namna yake. Mtu aliyepigwa kofi ana alama ya kuonyesha, huyu hana. Akisimulia, anaonekana analalamika kwa mambo madogo. Mama mdogo alihamishiwa masijala. Alipewa kiti, hakupewa meza. Kwa miezi saba aliripoti saa moja na nusu asubuhi, akakaa kwenye kiti hicho mpaka saa tisa na nusu alasiri, akarudi nyumbani. Mshahara uliingia kila mwezi. Ndugu walimwambia ana bahati, analipwa bila kufanya kazi. Hakuna aliyeelewa kwa nini alikuwa anakonda.

Kuna na kisasi cha wenzake, ambacho kwangu mimi ndicho kizito zaidi. Kundi la WhatsApp la ofisi lilifungwa, likafunguliwa jipya bila yeye. Kikoba cha wafanyakazi, ambacho alikuwa mweka hazina wake, kilimrudishia hisa zake katika bahasha, kwa heshima zote. Mezani kwa mama ntilie watu walikumbuka kazi ghafla akifika. Watu hawa hawakuwa wezi. Wengi walikuwa wanaogopa, na woga huo una sababu: wanaona kilichompata. Lakini kuna jambo jingine chini ya woga. Kiswahili kinasema mtu ametia mchanga kwenye kitumbua, na kitumbua cha ofisini mara nyingi kina walaji wengi kuliko tunavyokiri. Mkubwa anakula mifuko 120 ya saruji, dereva anapata ya mafuta, karani anapata ya soda. Asiyepata chochote amepata utulivu wa kutoulizwa. Mtu mmoja anapokataa kusaini, anawakumbusha wengine wote siku walizosaini. Ni rahisi kumnunia kuliko kukumbuka.

Mwili unavyopokea

Mwili wa binadamu umeumbwa kupambana na hatari fupi. Mbwa anakukimbiza, moyo unapiga kasi, damu inakimbilia miguuni, usingizi na njaa vinasogezwa pembeni mpaka utakapokuwa salama. Dakika kumi baadaye umekaa chini, unacheka. Sasa chukua mwili uleule, uweke kwenye hatari isiyo na meno wala mwisho: barua inayoweza kufika leo au mwaka kesho, kikao ambacho hujui umejadiliwa vipi, simu ya namba usiyoijua. Mwili haujui kutofautisha. Unabaki umewasha mashine zote usiku na mchana. Presha inapanda. Tumbo linachoma, mgongo na kichwa vinauma bila kipimo kuonyesha kitu. Usingizi ndio huanza kuondoka, na usingizi ukiondoka huondoka na vingine: kumbukumbu, subira, hamu ya chakula, hamu ya mwenzi wako.

Mwaka 1993 daktari wa akili wa Australia, Jean Lennane, alichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza uchunguzi wake kuhusu watu 35 waliofichua maovu kazini, akilitaja jambo hili waziwazi kuwa ni suala la afya. Mwaka 2019 watafiti wa Uholanzi waliwapima watoa taarifa 27 na kuwalinganisha na makundi mengine, wakiwemo wagonjwa wa saratani. Takriban asilimia 85 walikuwa na dalili kali au kali sana za wasiwasi, sonona, kutowaamini watu au kukosa usingizi, na karibu nusu walifikia kiwango kinachohitaji tiba. Watu 27 ni wachache na Uholanzi si Dodoma. Hata hivyo, Uholanzi ni nchi yenye bima ya afya, sheria na mahakama zinazokwenda. Mtu akiumia hivyo huko, sisi tusijidanganye kwamba huku ni mambo ya kujikaza.

Dalili moja inastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu ndiyo inayowakimbiza watu wa karibu. Mtoa taarifa hugeuka kuwa mtu wa mada moja. Ukimsalimia, baada ya dakika tatu mko kwenye hati ya mapokezi. Ana faili, ana nakala tatu za faili, anakumbuka tarehe na nani alikuwa amevaa nini. Marafiki huchoka na kusema amechanganyikiwa. Jaribu kuona anachokiona yeye: kila siku ofisi inamwambia, kwa vitendo, kwamba alichokiona hakikutokea. Faili ndilo ushahidi wake kwamba hana wazimu. Akiliweka chini, ameshindwa mara mbili.

Saa tisa za usiku ndipo swali lile la sebuleni hurudi, na sasa halina sauti ya mume wala ya bosi. Linauliza kwa sauti yake mwenyewe. Nilikuwa natafuta nini? Kwa nini sikusaini tu? Hapa ndipo hatari kubwa ilipo, kwa maoni yangu. Barua, uhamisho na kununiwa vyote vinatoka nje. Siku mtu anapoanza kuamini kwamba kosa ni lake, wale waliotaka anyamaze hawahitaji tena kumwandikia barua. Baadhi huanza kunywa. Baadhi hufikiria kufa. Mtu akianza kusema familia ingekuwa na nafuu bila yeye, hilo si neno la kujibiwa kwa "jipe moyo". Ni la kutomwacha peke yake na kumfikisha hospitali siku hiyohiyo.

Nyumba nzima huingia humo. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na ingawa methali hiyo inamlaumu mtu kwa janga lake, ina ukweli kuhusu meza. Mshahara wa mfanyakazi mmoja kwetu hubeba mkopo wa benki unaokatwa moja kwa moja, ada za wadogo zake, dawa za mama kijijini, michango ya harusi na misiba. Ukikatika, watu kumi wanapata habari. Watoto wa mama mdogo walijifunza kutoomba fedha za daftari kabla hajavua viatu.

Nisieleweke kwamba kunyamaza kuna amani. Aliyeona akanyamaza naye anabeba. Wanaotibu askari waliotoka vitani wana jina la hali hiyo, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita jeraha la dhamiri: maumivu ya kufanya, au kuacha kuzuia, jambo ambalo moyo wako unajua ni ovu. Muuguzi aliyesaini mgonjwa amepewa dawa ambayo haikuwepo anaweza kustaafu na marupurupu yake yote na bado akashtuka akisikia jina la wodi ile.

Karani na katibu mkuu

Kama kuna mtu Afrika Mashariki ambaye maisha yake yanapaswa kufundishwa shuleni, kwangu ni David Munyakei. Alikuwa karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kampuni ya Goldenberg International ilikuwa ikilipwa na serikali fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi iliyodai kuuza nje. Kenya haikuwa ikichimba almasi, na dhahabu yake ni kidogo. Munyakei alikuwa anaona karatasi. Nyaraka alizozitoa ziliwafikia wabunge wa upinzani mwaka 1993, nchi ikajua.

Alikamatwa, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali, kesi ikaporomoka, na kazi akaipoteza. Alihamia Mombasa, akasilimu, akaoa, akajaribu kuishi kama mtu ambaye hajawahi kuona karatasi zile. Baadaye alirudi upande wa Narok na familia yake, katika umaskini. Serikali ilipobadilika na tume ya Jaji Samuel Bosire kuundwa mwaka 2003, kashfa aliyoifichua ikawa inasikilizwa kwenye televisheni. Mwaka 2004 shirika la kupambana na rushwa la Transparency International lilimpa tuzo ya uadilifu. Hakurudishwa Benki Kuu. Alifariki Julai 2006, hajafikisha miaka 40.

Mlinganishe na John Githongo, aliyeteuliwa mwaka 2003 kuwa katibu mkuu wa maadili na utawala bora. Alipogundua mikataba ya serikali na kampuni hewa ya Anglo Leasing na kuona wakubwa wenzake wamo, alijiuzulu Februari 2005 akiwa London, na akaishi uhamishoni mpaka mwaka 2008. Githongo naye aliumia. Kuishi mbali na nyumbani kwa kuhofia maisha si jambo dogo. Lakini alikuwa na pasipoti, majina ya wahariri kwenye simu, na watu wa kumpokea. Munyakei alikuwa na mshahara wa karani. Tunapomwuliza mfanyakazi wa chini kwa nini hakusema, tuwe tunakumbuka kwamba ukweli uleule una bei mbili.

Na kuna bei ya tatu. Babita Deokaran, mhasibu mwandamizi wa idara ya afya ya jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, alikuwa ametaka malipo ya kutiliwa shaka ya Hospitali ya Tembisa yasimamishwe, na alimwambia mkuu wake kwamba anahofia maisha yao. Agosti 23, 2021 alipigwa risasi nje ya nyumba yake Johannesburg. Mwaka 2023 wanaume sita walihukumiwa kwa mauaji hayo; hukumu hiyo haikumgusa aliyewatuma. Afrika Kusini ilikuwa na sheria ya kulinda wanaofichua tangu mwaka 2000.

Sheria inalinda nini

Tanzania ilitunga Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015. Inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kuhusu uhalifu, matumizi mabaya ya ofisi, hatari kwa afya au mazingira, na ufujaji wa mali ya umma, ili asishtakiwe wala kuadhibiwa kwa kusema. Shikilia neno moja: taarifa ipelekwe kwa mamlaka husika. Anayeanzia Instagram au kwa mwandishi wa habari asidhani sheria hiyo itamfuata huko. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113. Kenya, kwa upande wake, imekuwa na miswada ya kuwalinda wafichuzi inayoingia na kukwama kwa zaidi ya miaka kumi. Kinga iliyopo imetawanyika, ikiwemo katika Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, na tume ya kupambana na ufisadi, EACC, hupokea taarifa za mtandaoni bila jina. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2010 na kuahidi asilimia 5 ya fedha zitakazorejeshwa. Wapo wanaosema zawadi hiyo inachafua nia, kwamba sasa tunajua alikuwa anatafuta nini. Mimi nasema mtu aliyepoteza mshahara akiokoa mabilioni ya umma, kumlipa ada za watoto si kumhonga.

Kuna jambo kuhusu sheria ambalo wanasheria wachache hulizungumza. Sheria zina saa, na saa hiyo haimsubiri mgonjwa. Tanzania, mfanyakazi wa sekta binafsi aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mtumishi wa umma njia yake huanzia kwenye rufaa za utumishi. Sasa fikiria hali niliyoieleza: mtu hajalala wiki tatu, haongei na mtu, bahasha haifungui kwa sababu bahasha zimekuwa zikimletea mabaya. Siku ya 31 inafika akiwa amejifunika shuka. Anaonekana mzembe, kumbe alikuwa mgonjwa. Wengine huandika barua ya kujiuzulu wenyewe ili maumivu yaishe. Sheria ya kazi inatambua kwamba mwajiri akifanya ajira isivumilike, kujiuzulu huko kunaweza kuhesabiwa kuachishwa, lakini mzigo wa kuthibitisha unakuangukia wewe, na kiti bila meza ni kigumu kukithibitisha.

Kwa hiyo, mtu akinijia leo akisema ameona kitu kazini, simwambii "sema" wala "nyamaza". Namwuliza kwanza nani mwingine anajua. Mtu mmoja nje ya ofisi, asiyekula mezani pamoja na wale, ni wa lazima. Ndiye atakayekuja kufungua bahasha siku wewe huwezi. Namshauri aandike daftari la kila siku, lenye tarehe na maneno yaliyosemwa, alitunze nyumbani, kwa sababu kichwa kisicholala hupoteza mambo. Asibebe nyaraka ambazo kazi yake haimruhusu kuzigusa kabla ya kumwona wakili, maana hizo ndizo hugeuzwa kosa lake. Namwambia apime presha kabla ya kuandika barua, na amwambie daktari ukweli kuhusu kinachoendelea kazini, kwa sababu daktari asiyeambiwa atatibu tumbo. Na mwenzi wake ajue kabla, asije akasikia sokoni.

Kutoa taarifa bila jina kunasaidia, hasa penye watu wenye silaha. Lakini kama stoo ina mtunza stoo mmoja, jina linajulikana hata lisipoandikwa, na anayejificha hulazimika kukaa vikaoni akisikiliza wenzake wakisakana "nani katoa", akitikisa kichwa pamoja nao. Huo nao ni mzigo.

Uchunguzi wa kisa cha mama mdogo ulikamilika mwaka wa nne. Saruji ilikuwa pungufu kama alivyosema. Wawili waliondoka kwa utulivu, yeye akaandikiwa barua fupi kwamba taarifa yake ilizingatiwa, na hakurudishwa stoo. Ukimwuliza nini kilimvusha, haitaji barua hiyo. Anamtaja kijana mlinzi wa getini ambaye kila asubuhi alisimama, akasema "Shikamoo mama, umeamkaje?", na akasubiri jibu, kwa miaka yote minne. Ilikuwa ndiyo sentensi pekee aliyoelekezewa mpaka jioni, siku nyingi.

Anamtaja na baba mdogo. Hakuwahi kuomba radhi kwa swali lile, sijui kama anakumbuka kwamba aliliuliza. Mwaka wa tatu alianza kuamka naye saa kumi na moja alfajiri, akachemsha maji ya kuoga, akamsindikiza mpaka kituo cha daladala. Mama mdogo anasema wiki za mwanzo walitembea bila kuongea. Halafu asubuhi moja, karibu na kituo, alimwambia: "Hebu nieleze tena ile hati ilivyokuwa." Akamweleza yote, tangu lori lilipoingia getini, na daladala mbili zikapita.